Nililizima Mwenyewe Gari Namba Tisa

Wanangu mnaoingia kwenye kazi hii ya magari ya kushirikiana, nianze na bibi wa Mpwapwa, maana huyo ndiye aliyenifundisha kuangalia kiti cha nyuma.

Asubuhi moja mteja wetu wa mtaa wa Kisasa alirudisha gari kituoni, akalifunga vizuri kwa simu yake, akaenda zake kazini. Haijapita nusu saa mteja mwingine akalifungua, akawasha, akaondoka. Kabla hajafika mbali, sauti ikatoka nyuma yake: "Baba, mbona tunarudi tulikotoka?" Jamani! Yule bwana aliruka nje, mlango wazi, gari katikati ya barabara linanguruma peke yake. Kumbe mteja wa kwanza alikuwa amekwenda stendi kumpokea bibi yake, bibi kachoka na basi, kajilaza kiti cha nyuma, kajifunika kitenge gubigubi. Mjukuu akapigiwa simu na bosi wake, akasahau. Kasahau bibi mzima! Nilipompigia nikamuuliza kama kuna kitu ameacha ndani ya gari, alifikiri kidogo, akasema, "Labda mwavuli, mama."

Basi hiyo ndiyo kazi. Mkidhani ni ya kompyuta, mtashtuka kama mimi nilivyoshtuka, na mimi kwenye kazi hii nimeshtuka mpaka moyo umechoka.

Jina langu ni Damari, ila hapa Dodoma wanaonijua wananiita Mama Elia. Nimeendesha magari ya serikali, nikaja kuyasimamia, na nilipostaafu huko kampuni moja ndogo ikaniita niwapangie magari yao mjini. Yalikuwa kumi na manne, vigari vyeupe, vimesambazwa kwenye vituo. Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mtu anajiunga uanachama, akitaka gari anaangalia kwenye simu lililo karibu naye, analifungua kwa simu hiyohiyo, ufunguo anaukuta ndani, anaendesha saa mbili au tatu, analirudisha. Hakuna dereva, hakuna mtu wa kumkabidhi. Sasa nimestaafu mara ya pili na sirudi tena. Niliondoka kwa sababu ya gari namba tisa, na habari hiyo ndiyo nimekaa kuwaeleza, ingawa nitapita njia ndefu kidogo kwa sababu bila hiyo njia hamtanielewa.

Tulipoanza tulipanga vituo kwa akili za ofisini. Tulisema mji umejaa watumishi waliohamia, watumishi ndio wenye mishahara, basi tuweke magari mbele ya maofisi. Tukaandika na masharti: anayejiunga alete leseni na barua ya mwajiri, au kitambulisho cha mstaafu. Barua ya mwajiri niliipendekeza mimi, tena kwa kujisifu. Nilisema mtu mwenye mwajiri hatoroki na gari.

He! Magari yakakaa mbele ya maofisi mpaka vumbi la kiangazi likayapaka rangi nyingine. Mtumishi ana gari la ofisi, au analo lake, au anapanda la mwenzake. Gari lililotembea ni moja tu, lile la mtaa wa Makole, ambalo tuliliweka pale kwa kukosa nafasi kwingine. Lile kila ukiangalia lilikuwa haliko kituoni. Nikaenda kukaa pale siku mbili kwenye kigoda cha mama mmoja wa chapati, nikaona kwa macho yangu: masufuria ya mapishi ya harusi yanapakiwa, vitenge vya kwaya, makreti ya zabibu, mgonjwa anakwenda kliniki, mwalimu anahamisha godoro. Mtu asiyekuwa na gari ndiye mwenye safari nyingi, na sisi tulikuwa tumempangia asiyekuwa na safari. Tukahamisha magari. Hapo nikaanza kuonekana bingwa.

Shikeni haya machache. Kituo kiwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuliona gari akiwa mlangoni kwake, la sivyo atapanda bodaboda. Kiwe karibu na mwenye biashara anayeshinda pale, huyo mama wa chapati anakulindia gari kuliko kamera. Kioo cha mbele kielekezwe kaskazini au kusini, kwa jua letu hili usukani unaweza kumuunguza mtu viganja saa nane mchana. Na msiamini kompyuta ikisema gari ni safi. Fungueni buti. Nimewahi kukuta mle jogoo, mzima, tena mkali.

Ila ujuzi mkubwa kabisa sikuupata kwenye kampuni. Nilifundishwa na Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa mkuu wetu wa magari nilipokuwa dereva kijana serikalini. Wakati huo hakukuwa na simu ya kufungulia gari wala kifaa cha kukuonyesha liko wapi. Kulikuwa na daftari la safari na Mzee Idi. Dereva anarudi, anaandika kwenye daftari amekwenda Kongwa na kurudi, Mzee Idi hasomi. Anafungua mlango, anaangalia kiti.

"Damari," ananiambia, "huyu Petro ni mfupi. Kiti kimesogezwa nyuma mpaka mwisho. Nani ameendesha gari la serikali?"

Petro anaanza kutokwa jasho. Kumbe kampa shemeji yake.

Nikauchukua ujuzi ule mzimamzima. Kiti, kioo cha kuangalia nyuma, stesheni ya redio. Hivyo vitatu vinasema nani alikuwa ndani ya gari. Lakini kuna nusu ya pili ya ujuzi wa Mzee Idi sikuichukua, na ndiyo iliyoniponza. Yeye gari likichelewa au likionekana mahali pasipotakiwa, alikuwa halitangazi. Alikuwa analifuata. Anapanda gari lingine, hata iwe safari ya saa tatu, anakwenda kumwona mtu aliyeko kwenye usukani. Mimi niliona huo ni uzee na kukosa vifaa.

Sasa twende Makole. Mwanachama wetu mmoja pale alikuwa Mzee Yeremia, Mgogo, mstaafu wa reli, mwenye nyumba ya wapangaji. Mtu wa watu. Ukifika kwake lazima unywe uji. Kadi yake ya uanachama ilikuwa safi kabisa, haidaiwi, hachelewi. Ila gari namba tisa kila likitoka mikononi mwake kiti kiko mahali tofauti. Leo mbele kabisa, kesho nyuma. Redio leo ni kwaya, kesho mawaidha ya Kiislamu, keshokutwa mpira. Nikacheka peke yangu. Nikasema, Mzee Yeremia, nimekukamata.

Nikaenda nyumbani kwake. "Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo, akaniletea kiti. Nikamuuliza nani wanaendesha gari letu. Wala hakuona aibu.

"Sisi hapa ndani tuna kinu kimoja, ngazi moja na uanachama mmoja," akasema. "Mimi macho yangu hayaoni vizuri barabarani. Nawafungulia hawa wapangaji wangu. Wote wana leseni, nimezikagua mwenyewe. Mmesema ni gari la kushirikiana, sisi tunashirikiana."

"Kwa nini wasijiunge wenyewe?"

"Mnataka barua ya mwajiri. Mpangaji wangu Mwajuma ni fundi cherehani, ataajiriwa na cherehani yake?"

Hapo nilitakiwa kurudi ofisini nikakifute kile kipengele cha barua. Badala yake nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nisiwadanganye. Niliona mzee ananifundisha kazi. Nikarudi, nikaandika tangazo kwa mkono wangu, likabandikwa kwenye kila gari na kutumwa kwenye kila simu: mwanachama atakayebainika kumpa mtu mwingine gari atafutwa siku hiyohiyo na hatapokelewa tena. Mzee Yeremia akanipigia kuniomba nisiwe hivyo. Nikamjibu sheria ni sheria. Nilijisikia mkubwa sana siku ile.

Haikupita muda. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nipo ofisini mbele ya ramani. Magari yetu yalikuwa na mpaka. Kwa barabara ya Kondoa mpaka wetu ulikuwa Makutupora, ukipita pale bila ruhusa kompyuta inalia. Ikalia. Gari namba tisa, limefunguliwa Makole kwa simu ya Mzee Yeremia, limepita Makutupora linakwenda, tena mwendo mkali.

Nikampigia simu. Akapokea mara moja.

"Baba, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba. Nipo nyumbani, nakunywa uji."

"Gari namba tisa liko na nani?"

Nilimsikia anaweka kikombe chini. Halafu akasema, "Sijui, mwanangu. Mimi sijalichukua."

Alikuwa anadanganya, na mtoto mdogo angejua kwamba anadanganya. Alikuwa amelisoma tangazo langu, anaogopa nyumba nzima ya watu isije ikakosa gari kwa ajili yake. Lakini mimi masikio yangu yalisikia kitu kimoja tu: mwenye gari hajui lilipo, basi limeibwa. Nikafurahi. Ndiyo, nasema ukweli, nilifurahi. Tangu tuanze hatujawahi kumkamata mwizi hata mmoja, na vifaa vyote vile vimekaa bure.

Kwenye kompyuta yetu kulikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza, gari likisimama tu mahali popote, injini inazima na haiwaki tena mpaka ulifungue mwenyewe. Nikakibonyeza. Dakika chache baadaye gari likakata kulia, likaingia njia ya vumbi mbele ya Mayamaya, likasimama kwenye kijiji kimoja bondeni. Kompyuta ikaandika: amri imetekelezwa. Nikapiga kofi mezani. Meneja wetu alikuwa amekuja kuchukua faili, nikamwambia, "Njoo uone Mama Elia anavyofanya kazi."

Nikachukua askari mmoja, nikachukua gari lingine, tukaenda. Njiani nilikuwa namsimulia askari habari za viti na vioo, naye anacheka.

Tulipoingia lile bonde nikaliona gari namba tisa kwa mbali, limekaa katikati ya njia, pembeni alizeti. Limezungukwa na watu. Nikasema vizuri, wanakijiji wamemshika. Nikashuka. Wanawake wakaja mbio kunipokea, bibi mmoja akanishika mikono yote miwili.

"Afadhali mmefika! Nyie ndio mafundi?"

Nikamuuliza mafundi wa nini. Akanionyesha gari. Vumbi nyuma yake lilikuwa limechimbwa na miguu, miguu mingi, peku na yenye viatu, kuanzia kwenye ua wa nyumba mpaka pale liliposimama. Kama hatua mia mbili za kusukuma. Kandambili moja ilikuwa imekatika, imeachwa palepale. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na juu ya kiti kuna godoro dogo na khanga iliyochanwa.

"Mwajuma kaja na gari kumchukua baba yake," yule bibi akasema. "Nyoka, kifutu, kamuuma mguuni shambani, mguu umevimba hivi. Tumempakia, Mwajuma anawasha, haliwaki. Anawasha, haliwaki. Tukasukuma mpaka tukachoka, maana kilima hiki. Mtoto wa watu analia, anapiga usukani. Mwisho tumempakia mzee kwenye tela la trekta. Wameondoka sasa hivi tu."

Yesu wangu. Trekta! Mtu aliyeumwa na kifutu, kwenye tela la trekta, kutoka kule mpaka mjini! Tulipokuja tulikuwa tumepishana nalo. Nililiona. Nilimwambia askari funga kioo, vumbi.

Mtauliza kwa nini Mwajuma hakupiga simu. Bondeni simu zilikuwa hazishiki, ungepanda kilimani ndipo ushike. Kile kifaa cha gari kilikuwa na antena yake juu ya dari, chenyewe kilishika. Na yeye kwa nini apande kilimani? Aliamini gari limeharibika, na aliyeharibikiwa na gari anatafuta watu wa kusukuma. Hakuna mtu duniani angewaza kwamba kuna mama amekaa mjini kwenye feni, amelizima.

Nikapanda kilimani mimi. Nikalifungua kwa simu yangu. Nikarudi, nikaingia, nikawasha, likawaka hapohapo. Wale wanawake wakapiga vigelegele. "Fundi kafika!" bibi akasema, akanibariki. Alinibariki, mnasikia? Askari akaniangalia, nikaangalia pembeni.

Tukalifukuza trekta, tukalipata karibu na barabara kuu. Tukamhamisha mzee. Hapo ndipo nilipomwona Mwajuma kwa mara ya kwanza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtandio umejaa vumbi, amempakata baba yake mguu. Ule mguu sitauelezea. Baba yake, Mzee Salimu, alikuwa ameuma meno, midomo myeupe. Mwajuma hakuniuliza mimi ni nani. Alikuwa anasema neno moja tu, "Nisamehe baba, nisamehe baba," mpaka mlango wa hospitali.

Walimwokoa. Mguu hawakuweza. Wakaukata chini ya goti, wa kushoto. Daktari alisema maneno mengi, mimi nilishika moja tu, kwamba kwa sumu ya kifutu kila dakika ina kazi yake. Nikarudi ofisini, nikafungua kompyuta. Tangu amri itekelezwe mpaka nilipoifuta zilikuwa dakika sabini na nane. Nilikaa mbele ya ile namba mpaka wenzangu wakafunga ofisi.

Jumatatu meneja akaniita. Akaniambia, "Mama Elia, tuandike hitilafu ya betri. Ukiandika vingine, kampuni hii inakufa na wewe unaingia matatani." Nikaandika. Mkono huu huu.

Wiki haijaisha, Mwajuma akaja ofisini. Nilipomwona mlangoni nilijua amekuja kunishika koo, na ningemwachia. Akapiga goti kunisalimu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimelichukua gari lenu na mimi si mwanachama. Msimfute Mzee Yeremia, kosa ni langu." Halafu akasogea karibu, akashusha sauti. "Na nilitaka kukuuliza wewe mwenye ujuzi. Nilikosea wapi? Nililikimbiza sana? Nilizima vibaya nilipofika? Ndugu zangu wananiuliza nilifanya nini gari likafa, nami sijui niwajibu nini. Ulipokuja wewe liliwaka mara moja, wanasema."

Lahaula! Nilifungua mdomo. Nilikuwa na dawa yake yote hapa kwenye ulimi, maneno matatu tu yangetosha. Nikasema, "Ni betri, mwanangu. Huwa inatokea."

"Betri inauliwa na dereva?"

"Wakati mwingine," nikasema.

Wanangu, nimewahi kugonga ng'ombe wa watu, nimewahi kupindua gari la mkurugenzi, lakini jambo baya kuliko yote niliyoyafanya kazini ni yale maneno mawili. Aliondoka ameinama. Hata leo nikiyakumbuka nikiwa nachambua mchele, mikono inasimama.

Kazini sikuwa mtu tena. Nilikifuta kipengele cha barua ya mwajiri, nikaliondoa tangazo langu kwenye magari yote, nikalazimisha uanachama wa nyumba nzima uruhusiwe, kila dereva ajulikane kwa jina na namba yake. Nikaandika utaratibu kwamba hakuna kubonyeza kile kitufe mpaka umeongea na aliyeko kwenye usukani, na usipompata, lifuate gari. Ninyi mnaufuata utaratibu huo na mnausifu. Mmeniambia mimi niliona mbali. Sikuona mbali, niliona mguu wa mtu.

Miezi ikapita. Siku moja nakutana na Mzee Yeremia sokoni, namuuliza habari za nyumbani. Akatikisa kichwa.

"Mwajuma ananisikitisha. Tangu baba yake arudi kwao kijijini, hajakanyaga. Anamtumia kanzu, anamtumia sukari kwa watu wa basi, yeye haendi. Anasema atauangaliaje ule mguu alioukata yeye. Leseni ameitia kwenye moto wa jiko, nimeona kwa macho yangu."

Nikaaga hata sikununua nilichofuata. Wiki ile nikaandika barua ya kuacha kazi. Nikamwambia meneja nakwenda kusema, na afanye atakalo.

Nikaenda kwa baba kwanza. Nilimkuta Mzee Salimu amekaa juu ya gunia uani, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, magongo yake yameegeshwa ukutani. Akanitambua, akanikaribisha kwa furaha. "Fundi wetu!" Nilikataa kukaa. Nikamweleza nimesimama, kuanzia kompyuta ilipolia mpaka neno la betri. Sikupunguza kitu. Fimbo yake ilikuwa imesimama hewani, akaishusha taratibu.

"Kwa hiyo gari halikuwa na ubovu," akasema.

"Halikuwa nao, mzee wangu."

"Na Mwajuma hakukosea kitu."

"Hata kimoja."

"Yeye umeshamwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe uliyeumia."

Akaniangalia mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Mimi nimeumwa na nyoka," akasema. "Mimi nilikuwa natembea shambani anamokaa yeye, kaniuma. Yule mwanangu ndiye uliyemuuma wewe. Mimi hapa unanitafutia nini?" Akachukua fimbo yake, akaendelea na alizeti.

Nikageuza na basi lilelile nililokuja nalo. Saa tisa mchana nilikuwa Makole. Mwajuma alikuwa barazani, anashona sare za shule, lundo la sketi za bluu limemzidi kimo. Aliponiona akasimama. "Shikamoo mama, karibu." Nikamwambia kaa, mwanangu, ukae kabisa.

Nikamwambia. Safari hii nilianza na lile neno lenyewe: "Gari nililizima mimi."

Hakulia. Mguu wake ulikuwa umerudi kwenye kanyagio la cherehani, mashine ikaendelea kushona kitambaa chenyewe mpaka kikaisha, sindano ikawa inatoboa hewa. Ndipo akautoa mguu.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Sabini na nane."

"Na nilipokuja ofisini ulijua."

"Nilijua."

"Nikakuuliza betri inauliwa na dereva."

"Uliniuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, kutukanwa, kuitiwa watu. Nilipiga magoti pale kwenye vipande vya vitambaa, mimi mtu mzima, wapangaji wanachungulia milangoni, Mzee Yeremia amesimama na kikombe chake cha uji hajui afanye nini. Mwajuma alinipita pembeni akaingia ndani. Nikasikia kabati linafunguliwa, linafungwa. Akatoka amevaa mtandio mwingine, ana mkoba mkubwa begani, ananing'iniza viatu mkononi kwa haraka aliyokuwa nayo.

Mimi ni mtu wa kudai salamu, wanaonijua wanajua. Mtu mdogo akinipita bila kuniamkia, namwita arudi. Siku ile yule mwanamke alinipita nimepiga magoti mlangoni pake, hakunitazama, hakuniaga, akavaa viatu barabarani, akasimamisha bodaboda. Nikamsikia anamwambia dereva ampeleke stendi, kwenye magari ya Kondoa, na afanye haraka, anakwenda kwa baba yake.